Jeep ya ONG inauzishwa: uliza karatasi ya douane mbele ya kuandika bei

Karatasi inabandikwa kwenye valve, karibu na mulango wa ofisi ya ONG: «Vente de véhicules usagés». Chini yake kuna orodha: Land Cruiser hardtop mbili, pick-up double cabine moja, pikipiki nne, na groupe ya umeme ambayo haiwaki tena. Siku ya kuja kuangalia imeandikwa, na siku ya mwisho ya kuleta bahasha vilevile. Mbele hata ya saa sita, picha ya ile karatasi imekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp, na makomisionere wameanza kupiga simu.

Sababu za kuuzisha ziko mbalimbali. Mashirika mengi makubwa yana kanuni: mutuka ukifikisha miaka mitano ao kilometa 150.000 hivi, unatolewa, hata kama bado unatembea vizuri. Mituka mingine inauzishwa kwa sababu mradi umefungwa. MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu ya Kusini katika mwezi wa sita mwaka 2024. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani, ambayo ilikuwa mufadhili wa kwanza wa misaada ya kiutu nchini Congo, ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 mwezi wa saba USAID ikafunga kazi. Mradi ukifungwa, wafanyakazi wanarudi nyumbani, lakini mituka inabaki kwenye parcelle na inapaswa kwenda mahali.

Kwa mufanyabiashara anayepanda milima ya Ngomo wakati wa mvua, ao kikundi cha MUSO kinachotaka kutoa mihogo na maharage kijijini, jeep hizo ni nafasi ya pekee. Land Cruiser mpya ni bei ya nyumba. Mituka tunayopata kutoka Japani ao Dubai, kupitia Mombasa na Dar es Salaam, mingi ni gari ndogo za mjini, na barabara zetu zinaivunja mbio. Kwa hiyo watu wanachanga, wanakopa, wengine wanauzisha shamba, juu ya kupata ile jeep nyeupe.

Na hapo ndipo watu wanaumia. Mara nyingi shida haiko kwenye moteri. Iko kwenye makaratasi.

Zote nyeupe, lakini hazifanani

Ukisikia «ni jeep ya ONG», uliza kwanza: ONG ilikuwa mwenyewe wa mutuka, ao ilikuwa inaukodisha?

Kuna mituka ambayo ONG yenyewe ilileta kutoka inje, kwa jina lake, bila kulipa ushuru wa douane, kwa sababu ni kwa kazi ya kusaidia raia. Kuna ile ya Umoja wa Mataifa, ambayo pia iliingia bila ushuru, lakini kwa sheria yake ya pekee. Na kuna mituka ya location: ni ya raia kama wewe na mimi, mwenyewe aliinunua, akalipa douane, akaikodisha kwa ONG kwa siku ao kwa mwezi, akabandika logo kwenye mulango. Contrat ikiisha anatoa logo na anauzisha.

Mutuka wa location, kwa upande wa makaratasi, ndio mwepesi zaidi. Carte rose iko kwa jina la mutu, na yule mutu unaweza kumuona. Lakini kwa upande wa mwili wa mutuka, angalia sana. ONG inatunza jeep yake kwa budget ya ONG. Mwenye location anaitunza kwa franga za mufuko wake, na kila siku mutuka unalala kwa fundi ni siku ambayo halipwi. Wamoja wanatunza vizuri. Wengine wanafunga na waya na kurudisha barabarani asubui.

Kuna namna ya ine ambayo haiandikwe kwenye valve: mutuka uliotolewa kama zawadi. Mashirika mengi hayaruhusiwe na wafadhili wao kuuzisha. Yanaachia mituka kwa ONG ya hapa nchini ao kwa zone de santé. Ukipelekewa mutuka wa namna hiyo, omba kuona «acte de cession». Kama ulipewa zone de santé, ni mali ya serkali, na hakuna kiongozi ambaye anaweza kuuzisha peke yake ofisini kwake bila serkali kufuata utaratibu wa kutoa mali yake. Mukubwa akikuambia «tutapanga», ujue kwamba mwenye atakuja nyuma yake anaweza kuupangua.

Exonération: deni ambalo halionekane

Neno exonération watu wengi wanalisikia kama kwamba douane imesamehe moja kwa moja. Haiko vile. Mutuka uliingia bila kulipa kwa sababu ya kazi utakayofanya na kwa sababu ya jina la mwenye kuuleta. Siku unatoka mikononi mwa ONG na kuingia mikononi mwa mutu ambaye hana haki ya exonération, ile sababu inakufa, na ushuru unaombwa. DGDA, ofisi ya douane, inataka ilipwe mbele mutuka haujabadilisha mwenyewe.

Kwa Umoja wa Mataifa ni vilevile. Mkataba wa mwaka 1946 juu ya haki na kinga za Umoja wa Mataifa unasema kwamba kitu kilichoingizwa bila ushuru hakiuzishwi ndani ya nchi ile isipokuwa kwa masharti yaliyokubaliwa na serkali ya pale. Kwa hiyo hata jeep yenye ilikuwa na UN kwenye mulango haitoki bila douane kujua.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya valve na usome maneno madogo ya chini. Ukiona «dédouané», ushuru umekwisha kulipwa, na una haki ya kuomba kuona quittance. Ukiona «non dédouané» ao «frais de douane à charge de l'acquéreur», maana yake ni kwamba deni ni lako. Bei utakayoandika ndani ya bahasha ni sehemu tu ya bei.

Tufanye hesabu kidogo, mfano tu. Umeshinda kwa dola 9.000. Tuseme douane inakubali kwamba 9.000 ndiyo thamani ya mutuka, na inaupanga kwenye ushuru wa 20 kwa mia (tarif ya Congo ina 5, 10 na 20). Ushuru ni 1.800. Kisha TVA, 16 kwa mia, inahesabiwa juu ya 10.800: ni 1.728. Jumla, dola 3.528 juu ya zile 9.000, na bado haujalipa OCC, déclarant, plaki na mambo mengine. Mutuka wa 9.000 umekwisha kupita 12.500. Na ni douane ndiyo inapima thamani. Ikiona bei yako iko chini sana inaweza kuchukua thamani yake. Kwa hiyo peleka mwaka, modèle na numero ya chasisi kwa déclarant unayemwamini mbele ya kufunga bahasha, akupimie. Kazi ya siku moja.

Lakini mwenye kuumia zaidi, kwa namna tunavyoona, si yule aliyeshinda bahasha. Yule alisoma karatasi. Ni mununuzi wa pili, ao wa tatu. Wa kwanza anashinda, anaona douane ni mingi, anatembeza mutuka miezi mitatu na plaki ya zamani, kisha anauuzisha «bei ya ndugu» kwa mama ambaye anauzisha mafuta ya mawese na hajawahi kuona karatasi ya exonération. Anapewa kopi ya acte de vente ya ONG na ufunguo. Mutuka unatembea vizuri mpaka siku brigade ya douane inausimamisha kwenye barrière. Kwa Code des douanes ya mwaka 2010, kitu kilichoingia na exonération na kikabadilisha kazi bila ruhusa ni fraude: mutuka unaweza kukamatwa, na kuna faini juu ya ushuru wenyewe. Na anayekuwa kwenye volani siku ile ndiye anaulizwa. Wa kwanza simu yake haipite.

Ndiyo maana bei ndogo sana ya Land Cruiser yenye nguvu isikufurahishe. Mara nyingi ile bei ni ya mutuka ambao ushuru wake unakungojea.

Makaratasi ya kuomba, kwa mutu wa kwanza ao wa tano, ni haya: déclaration ya douane yenye kuonyesha mutuka uliingia kwa régime gani, quittance ya malipo kama ulitoka kwenye exonération, carte rose, acte de vente yenye muhuri na sahihi ya mwenye mamlaka kwenye ONG, na kama ulipita kwa wengine, acte ya kila mutu katikati, bila kuruka mutu. Kisha peleka numero kwenye bureau ya DGDA na uulize wewe mwenyewe. Usitume komisionere akuulizie, kwa sababu yeye analipwa kama mutuka unauzishwa, halipwe kama hauuzishwi.

Neno moja juu ya hali ya sasa. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, na miji mingine iko kwa serkali ya Kinshasa. Karatasi iliyotolewa upande huu inaweza kuulizwa maswali upande ule. Ikiwa mutuka ulilipiwa upande moja na kazi yako iko upande mwingine, hilo ni jambo la kuuliza mbele, si kwenye barrière.

Siku ya visite

Mashirika yanauzisha «en l'état». Maana yake: namna ulivyouona ndivyo unauchukua, hakuna garantie, na hakuna kurudisha. Mara nyingi hawaruhusu kuutoa barabarani, wanakubali tu kuwasha, pengine kusogeza mbele na nyuma ndani ya parcelle. Kwa hiyo nenda na fundi, tena fundi wako, na muende mapema, moteri ikiwa bado baridi. Moteri yenye imekwisha kupashwa moto inaficha mambo mengi.

Hardtop nyingi za ONG ni Land Cruiser HZJ78, na pick-up ni HZJ79. Moteri ni 1HZ: diezeli, silinda sita, lita 4,2, bila turbo. Ni moteri mvumilivu, na mafundi wa kwetu wanaijua kama mufuko wao. Lakini iko na courroie de distribution, mukanda wa mpira ambao mafundi wengi wanabadilisha kila kilometa 100.000. Ukikatika, soupapes zinagonga pistoni, na hapo unanunua moteri. Uliza ulibadilishwa lini, na karatasi iko wapi. Kama hakuna karatasi, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Fundi aingie chini. Aangalie chasisi pale ressort zinashikilia na pale boîte ya direction imefungwa. Nyufa na soudure mpya yenye rangi mpya zinasema habari ya barabara ya Shabunda ao ya Walikale kuliko mutu yeyote. Aangalie nyuma ya magurudumu ya mbele: kama kwenye ile tufe kubwa ya pont kunatiririka mafuta yaliyochanganyika na graisse, joints zimekwisha, na pengine roulements pia. Afungue kifuniko cha oil moteri ikiwaka. Moshi ukitoka kwa nguvu kama kwenye chungu, silinda zimechoka. Ajaribu 4x4, zote mbili, ya mbio na ya polepole. Jeep nyingi za mjini hazikuwekwa kwenye 4x4 kwa miaka, na ile levier imekwama.

Kisha kitu ambacho wanunuzi wengi wanasahau, na kwetu ndicho kina faida kupita vyote: omba carnet de bord. Kwa ONG yenye kazi ya kupangwa, dereva anaandika kila safari: ametoka wapi, amefika wapi, kilometa ya kuanza, kilometa ya mwisho, lita za mafuta. Mutuka wa Kinshasa uliofika kwa njia ya soko hauna kitabu kama hicho. Linganisha kilometa za ukurasa wa mwisho na zile za kwenye tableau. Ona kama safari ni za Goma mjini, ao kama kila juma ni kijiji cha mbali. Halafu fanya hesabu ya mafuta. Kama miaka miwili ya kwanza jeep ilikula lita 14 kwa kilometa 100, na mwaka wa mwisho inakula 19 kwa njia ileile, kuna moja kati ya mambo mawili: pompe na injecteurs zimechoka, ao mafuta yalikuwa yanatoka kwa njia nyingine. La pili si shida ya mununuzi.

Kilometa nyingi peke yake zisikuogopeshe. Jeep ya kilometa 180.000 yenye carnet kamili na fiche ya entretien kila 5.000 ni afadhali kuliko ya 80.000 ambayo hakuna mutu anaweza kueleza maisha yake. Na 80.000 za Kalehe ao Masisi si 80.000 za lami. Mituka ya mashirika inasimama saa nyingi ikiwaka, juu ya radio ao juu ya usalama, na zile saa hazihesabiwe na compteur.

Mbele ya kutoka, soma numero ya chasisi. Iko imepigwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, upande wa kuume wa mbele, karibu na gurudumu. Sugua udongo na tochi mukononi. Ilinganishe na plaque ndogo ya kwenye moteri na ile ya carte rose, herufi kwa herufi. Wakati wa vita mituka ya mashirika inaibwaka, na chuma kilichosagwa ao herufi zisizolingana kimo zinatosha kukufanya urudi nyumbani na bahasha yako.

Juu ya malipo, ni fupi. ONG ya kweli inakuambia ulipe kwenye konti ya benki yenye jina la shirika, nyuma ya kufungua bahasha, na inakupa reçu. Hakuna «frais de dossier» ya kutuma kwa Airtel Money ao M-Pesa juu ya kuwekwa kwenye liste. Ujumbe unaosema MONUSCO ao shirika fulani linatoa jeep kwa dola 3.000 kwa watu kumi wa kwanza ni wizi, hata kama una logo na picha nzuri. Nenda kwenye mulango wa ofisi, uone valve kwa macho yako.

Ukishinda

Mbele ya mutuka kutoka, logo zinapaswa kutolewa, na antenne na radio pia. Mashirika mengi yanafanya yenyewe. Kama kumebaki alama, sugua ao paka rangi siku ileile. Musalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva. Hauna haki ya kuubeba. Na huku kwetu jeep nyeupe yenye kivuli cha logo kwenye mulango inaweza kukuletea watu wanaofikiri una franga za ONG ndani, ao askari wanaouliza kwa nini «humanitaire» amebeba magunia ya makala. Wengine wanapaka rangi nyingine kabisa. Ukibadilisha rangi, iandikwe kwenye carte rose.

Carte rose mpya na plaki ni kwa DGI, kwa jina lako, si kwa jina la muzee wa familia ambaye «ataandika kisha». Vignette ni ya jimbo. Assurance ya lazima haiko tena ya SONAS peke yake. Tangu sheria ya mwaka 2015 soko limefunguliwa, na kampuni zingine zinafanya kazi hiyo, kwa hiyo linganisha bei. Acte de vente, quittance na déclaration fanya kopi. Original ibaki nyumbani, kopi zenye muhuri wa notaire zitembee na mutuka.

Na kwenye hesabu yako ya kwanza, weka pembeni franga za courroie, mafuta yote ya moteri na ya pont, filtres na pneu mbili angalau, mbele ya kubeba gunia la kwanza. Mutuka uliokaa miezi sita kwenye parcelle ukingojea ruhusa ya bailleur una batri iliyokufa na freni zilizokwama, hata kama siku ya visite uling'aa.